Siku Mama Alipoingia Hotelini kwa Mlango wa Mbele

Nilikwenda kuipiga picha hoteli kubwa ya zamani hapa kwetu Likasi kabla mmiliki mpya hajaibomoa, na kosa langu la kwanza lilikuwa kumwambia mama. Nilitaka magofu. Nilitaka vumbi, vioo vilivyopasuka, na mwanga wa asubuhi ukiingia kwa huzuni. Mama alitokea na kitenge kipya, kilemba, viatu vya misa na mkoba mkononi, kana kwamba ametumiwa mwaliko.

Picha hakuzijali. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa mbeba mizigo wa hoteli ile maisha yake yote ya kazi. Aliipokea mizigo ya wageni kwenye mlango wa mbele akaipandisha ngazi kubwa. Mama alimletea bukari, ugali wetu, na mboga kila adhuhuri, lakini wake za wafanyakazi walipitia nyuma, jikoni, wakaishia hapo hapo. Ukumbi hakuuona hata siku moja. Sasa alitaka jambo moja tu: kuingia kwa mbele kabla mlango haujawa kuni.

Mlinzi, mzee mwembamba anayeishi humo na mke wake na kuku wao, alitupokea uani akatuonyesha jikoni.

"Mama, mupite na huku. Ile mulango ya mbele hapana kufunguka, balipigaka misumari. Bote banapitaka na jikoni, hata patron mwenye alinunua hoteli."

"Patron apite kwenye anapenda," mama alisema. "Minye nilipitaka huku sana. Leo naingia na mbele."

Nilimbembeleza. Nikamwambia mwanga mzuri unaniponyoka. Akaniuliza kama jua ni la kwangu. Kubishana na mama yangu ni kutwanga maji kwenye kinu, kwa hiyo nilimfuata hadi upande wa mbele nikakaa kwenye kizingiti nikikasirika. Yeye alisimama wima mbele ya mlango, hataki kuketi asije akakunja kitenge.

Mlinzi akazunguka ndani na nyundo. Tulimsikia akigonga, akiguna, akimtaja shetani, kisha akimwomba Mungu msamaha. Misumari ikatoka. Bawaba nazo zikatoka. Mlango mzima ukaangukia ndani kwa kishindo, kuku wakapiga kelele, na vumbi likafunika kila kitu. Nilidhani tumeua mtu.

"Hodi," mama akaliambia lile vumbi.

Nilimwambia aingie tu, mlango wenyewe haupo tena. Akanitazama kana kwamba mimi ni mtoto aliyelelewa na watu wengine. Nyumba ya watu haiingiwi bila kukaribishwa, na yeye hakungoja miaka yote ile aje kuingia kama mwizi. "Hodi," akarudia.

Mlinzi akakohoa ndani. "Karibu, mama. Ingia tu. Mulango imefunguka."

Aliingia taratibu, akayapita mahindi yaliyoanikwa kwenye sakafu ya dansi, akisalimia kushoto na kulia, ingawa waliokuwapo ni kuku na mke wa mlinzi. Huyo akaombwa ufagio. "Foto ya fasi chafu tutaonyesha nani?" mama aliniuliza, akinionyesha vumbi la ukumbi, na magofu yangu yakafagiliwa mbele ya macho yangu.

Kisha akafika kwenye ngazi kubwa. Aliitazama kwa muda mrefu. Nilipoinua kamera, akaninyooshea mkoba.

"Beba," akasema. "Baba yako alibebeaka bantu bengine. Minye, hapa, hakunibebeaka hata siku moja."

Nikaubeba. Ulikuwa mzito ajabu, sijui ametia nini, na ulitaka mikono miwili. Mama alipanda mbele yangu mikono mitupu, bila haraka, kama mgeni aliyelipia chumba. Picha ya kupanda kwake sina. Niliona mgongo wake tu.

Alipofika juu alipokea mkoba bila kunitazama. "Merci," akasema, kwa sauti ile ya puani ambayo baba aliitumia kuwaigiza wageni wa hoteli mezani petu, na tukacheka mpaka mama akalia.