Ruta ya Kukaa Nyumbani

Mwanangu wa mwisho alilitamka lile neno akiwa ameshashika mlango wa gari. Watoto wake walikuwa wamefunga mikanda, mkewe ananipungia mkono, na mkungu wa ndizi mshare niliowakatia uko nyuma umeviringishwa gunia. Krismasi ilikuwa jana yake tu. Nyama ya mbuzi bado imejaa sufuriani, na wao hao wanarudi Dar. Nilipouliza haraka hiyo ya nini, akasema kazi yake inataka mtandao kila saa, na watoto wamechoka kukaa bila katuni zao.

"Mama, hapa kungekuwa na waifai, tungekaa mpaka shule zifunguliwe."

Nadhani yeye alilisahau kabla hajafika kwenye lami. Mimi nilibaki nalo. Nilifua nguo ninalo, nikakamua ng'ombe ninalo, hata kanisani nilikwenda nalo.

Niseme ukweli, nyumba yangu ni kubwa kuliko mimi. Marehemu mume wangu aliijaza vyumba akiwahesabia wajukuu, akafa kabla hajamwona hata mmoja akianza kutembea. Binti yetu wa kwanza ameolewa Mwanza. Huyu wa mwisho ndiye mwenye nyumba, maana kwetu Wachagga mziwanda ndiye anayerithi kihamba cha baba yake, yaani lile shamba la migomba na kahawa lenye nyumba na makaburi humohumo. Amekirithi kwa jina, anayekifagia ni mimi. Nilifundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, nimezoea kelele, na ninachokichukia kuliko vyote katika uzee huu ni ukimya. Kuna siku sauti yangu mwenyewe naisikia kwa mara ya kwanza jioni, nikimfokea ng'ombe.

Basi nikaamua hiyo waifai nitainunua, tuone watasingizia nini tena.

Nikateremka Moshi mjini nimevaa gauni la kanisani, kwa sababu maduka yale ya vitu vya kisasa ukiingia na kanga ya shambani wanadhani umekuja kuuliza njia. Duka lenyewe lilikuwa upande wa Mawenzi, dogo, limejaa nyaya na visanduku mpaka juu. Binti muuzaji akanipa shikamoo bibi. Nikaitikia marahaba, ingawa hilo "bibi" lilinichoma kidogo. Wenye haki ya kuniita hivyo walikuwa mbali.

Aliponiuliza ninakaa wapi nikamwambia Old Moshi, nyumba iko bondeni, mgongo wa kilima uko huku, korongo huku, na katikati ni migomba mitupu. Simu ya kupiga inashika kwa kubahatisha. Intaneti ndiyo sahau. Akasema basi ile ya kuvutiwa waya haitufai, waya haujapanda huko. Yetu ni ya kuweka laini ndani, kama simu. Akanitolea ruta za aina tatu. Moja ilikuwa na mapembe mengi kama mdudu aliyelala chali, na bei yake nilipoisikia nikamwomba airudishe taratibu mahali pake. Nyingine ilikuwa ndogo, inaenea kiganjani, ina betri yake, mtu anatembea nayo mfukoni. Ya tatu ilikuwa nyeupe, ina antena mbili, ya kuchomeka ukutani, na bei yake haikuwa mbali na ile ndogo.

Akaniuliza watakaotumia ni wangapi. Nikamtajia ukoo mzima. Mwanangu na mkewe, watoto wao, binti yangu na wa kwake, mkwe wangu wa Mwanza ambaye hata mguu hajautia kwangu tangu msiba. Yule muuzaji akasikiliza kwa adabu, kisha akauliza tena kwa sauti ya chini, hao wote wanakaa hapo? Nikasema hapana, kwa sasa niko mimi.

Akanisogezea ile ndogo. Alisema kama niko peke yangu hiyo inanitosha, umeme ukikatika inaendelea, nikienda shambani naenda nayo, kwa jirani naenda nayo. Alikuwa ananishauri vizuri, sasa naliona hilo. Siku ile nilimkasirikia.

"Sitaki ya kutembea," nikamwambia. "Wa kutembea ninao tayari. Mimi nataka ya kukaa nyumbani."

Akanifungia ile nyeupe.

Sasa nielezeni ninyi, kitu kipya cha thamani kinawekwa wapi? Katika nyumba nilizokulia na niliyoolewa, kinawekwa kwenye kabati la sebuleni, kinafunikwa kitambaa cha kufuma, na mlango unafungwa kwa ufunguo. Humo ndimo vilimo vikombe vya mchungaji, picha ya harusi, na redio ya marehemu. Basi na ruta nikaiweka humo. Waya nikaupitisha nyuma ya kabati, pale panya walipowahi kunitobolea ubao, Mungu awabariki. Nikaitandikia kitambaa kizuri nilichofuma mwenyewe, nikafunga, ufunguo nikaufundika kwenye pindo la kanga. Nilijisikia nimemaliza kazi.

Haikushika chochote. Nikampigia mwanangu. Akaniambia izime, uiwashe. Nikazima, nikawasha. Kesho yake vilevile. Wiki nzima kazi yangu ikawa kuzima na kuwasha, mpaka nikaanza kumtukana yule binti wa dukani moyoni. Hatimaye siku moja mchana mwanangu akaniuliza taa zake zina rangi gani.

Nikamwambia asubiri nifungue kabati.

Halafu nikamsikia akicheka mpaka anakohoa, akimwita mkewe aje asikie. Nilikasirika, kisha na mimi nikashikwa na kicheko, tukacheka wote huku mbavu zinaniuma. Akaniambia Mama, mawimbi ni kama hewa, umeyaziba kwa mbao, vikombe na kitambaa, yapite wapi. Itoe humo, tuitafutie dirisha.

Alasiri ile naikumbuka kuliko Krismasi yenyewe. Tulizunguka nyumba nzima, mimi na ruta mikononi na waya unaburuta, yeye masikioni mwangu. Kila chumba nilichoingia niliichomeka, naye akaniuliza ninaona nini. Dirisha la jikoni, taa nyekundu. Chumba cha dada yake, nyekundu. Chumba chake mwenyewe akauliza kama ule mchoro wa gari alioukwaruza ukutani bado upo. Upo, nikamwambia, baba yako alikataza usipakwe rangi. Sikutaka taa ibadilike upesi. Ningepata njia ya kuzidisha vyumba siku ile, ningezidisha.

Ilibadilika chumbani kwangu, kwenye dirisha linalotazama chini mjini, upande aliokuwa akilala mume wangu. Nikaiweka juu ya stuli yake, pale ilipokuwa ikikaa miwani yake na Biblia, na taa ikawaka buluu.

Mwanangu akanielekeza niupe mtandao jina. Nikaandika Nyumbani. Akasema sasa weka neno la siri, liwe refu kidogo. Nikaandika karibuniwote, bila kuacha nafasi. Nikaliandika pia kwenye kipande cha boksi kwa maandishi yangu ya ubaoni, nikakipigilia misumari kwenye korido, usawa wa macho ya mtoto.

Basi tukaanza kuonana. Kila Jumapili baada ya ibada waliniita kwa video. Mara za kwanza sikujua kuishika simu, wajukuu wakawa wananiambia bibi tunaona dari tu, bibi shusha, bibi sasa tunaona paji la uso. Nilikuwa naoga na kuvaa hereni kwa ajili ya simu. Jamani, nilifurahi, sitaki kudanganya. Mdogo wao alikuwa ameota jino, nikaliona hilo jino siku hiyohiyo.

Desemba ilipoingia nikaanza kazi. Vitanda nikavitoa juani. Kaburi la mume wangu, kule nyuma mwisho wa kihamba karibu na korongo, nikalipaka chokaa upya, na mimea ya masale inayolizunguka nikaipunguza. Mbuzi nilishamfungia kwenye banda tangu kahawa ya mwisho ilipoanikwa. Majani sikuyafagia pale kaburini, niliyaacha makusudi. Katika ukoo wetu, Krismasi tukitoka kanisani, tunakwenda wote kaburini, na mziwanda ndiye anayeanza kufagia, ndipo wengine wanafuata na nyimbo. Hiyo ni kazi yake, huwezi kumfanyia.

Jumapili moja ya Majilio akaniita kama kawaida. Tukaongea habari za mvua na za shule. Kisha akasema, kwa sauti nzuri kabisa, kama mtu anayenipa zawadi:

"Mama, sasa si tunaonana kila wiki? Mwaka huu tumeona tupumzike hukuhuku. Krismasi tutakula pamoja kwa video."

Nikasema sawa. Nikamwuliza kama watoto wana nguo za sikukuu. Nikawaaga wote mmoja mmoja, nikakata, nikaenda chumbani nikaichomoa ile ruta ukutani kwa nguvu hata stuli ikaanguka. Niliumia. Niliumia kama mtu aliyejenga daraja kwa mikono yake halafu akaambiwa ahsante, sasa hatuna haja ya kuvuka. Ilikaa sakafuni imezimwa mpaka Jumamosi. Jumamosi nikaiokota, nikaifuta vumbi, nikaichomeka. Nifanyeje? Kesho yake ilikuwa Jumapili, na nilitaka kuliona lile jino.

Krismasi ikafika. Jirani yangu alinichinjia mbuzi, nikampa mguu mzima na kisusio, ile supu yetu ya damu, cha kutosha watu wake, maana nani wa kukinywa kwangu. Kidari, ambacho kwetu ni cha mwenye nyumba, nikakichemsha nikakiweka mezani peke yake kwenye sahani. Nikaegemeza simu kwenye kopo la sukari. Wakatokea wote, wamependeza, meza yao imejaa pilau na soda. Binti yangu wa Mwanza naye akaingia pembeni kwenye kioo. Tukaomba. Tukala, mimi yangu, wao yao. Kila mtu alikuwa anaongea kwa zamu kama wanafunzi walionyoosha mikono.

Tulipomaliza, mwanangu akafuta midomo, akasimama. Alikuwa amevaa shati jeupe. Akasema:

"Haya Mama, tupeleke kwa Baba tumsalimie."

Nikainua simu, nikatoka nayo mlango wa nyuma. Nikapita kando ya jikoni, nikapita kwenye shimo la mbolea, wao wananifuata kiganjani na wimbo wameshauanza. Nilipofika banda la ng'ombe wimbo ukakatika katikati. Nikatazama. Mwanangu alikuwa ameganda, mdomo wazi. Nikasogea mbele, akapotea kabisa. Nikarudi nyuma mpaka mlangoni, akarudi.

Akawa na mawaidha tele, kama kawaida yake. Niihamishie ruta dirisha la jikoni. Nikamkumbusha kwamba pale haishiki, tulishajaribu pamoja. Basi kuna waya mrefu wa umeme? Nikichomeka nje, nikaipandisha juu ya paa la banda? Akasema hata ile ndogo ya mfukoni ingefaa kuliko hii, angenitumia pesa ninunue, mwakani tusipate shida.

Mwakani.

Waya mrefu ninao. Uko chini ya kitanda, ule uliotumika kwenye msiba wa baba yake. Ningeuvuta mpaka bandani, na pengine ingeshika. Nilisimama mlangoni nikiutazama uso wake mle kiganjani, uso wa baba yake mtupu, unanisubiri niseme nitauleta.

"Mwanangu," nikamwambia, "mtandao unaishia kwenye banda la ng'ombe. Kwa baba yako panafikiwa kwa miguu."

Nilimwona akifumba mdomo, kisha picha ikayumba, nikaona dari. Alikuwa ameilaza simu mezani. Dari lao ni jeupe, lina feni, nami sikuwahi kuliona kabla ya hapo. Nikamsikia mjukuu wangu akiuliza kwani babu yuko mbali. Nikasubiri. Nililitazama lile dari kwa muda mrefu, kama wao walivyokuwa wakilitazama la kwangu.

Kisha nikairudisha simu kwenye kopo la sukari, ikiwa bado hewani, mbele ya kile kidari ambacho hakikuguswa. Nikachukua ufagio nyuma ya mlango. Majani yalikuwa yamejaa kule kaburini tangu mwanzo wa mwezi, na mwenye kazi hakuja. Nikaenda kwa miguu.