Viwavi Siku ya Ng'ombe wa Mahari

Mbegu nilizitoa Ogwedhi, kwenye ua wa soko la ng'ombe, enzi zile nilipozurura kila soko baada ya kuacha shule darasa la saba. Mmea wake ukivunjwa hutoa maziwa meupe, na matunda yake yamevimba kama puto lenye nywele. Ng'ombe waliupita bila kuunusa, lakini vipepeo wa rangi ya chungwa hawakubanduka. Nilitaka kujua kwa nini. Nikajaza mbegu kwenye kiberiti.

Nyumbani, nje kidogo ya Oyugis, nilizipanda mbele ya simba yangu, kile kibanda cha kijana asiyeoa ambacho kwetu hujengwa karibu na lango. Vipepeo wakaja kutaga. Nikapata jibu: viwavi wao, wenye mistari myeusi, myeupe na ya njano, hawakugusa jani lingine lolote.

Kisha watu wa mchumba wa dada yangu wakatuma habari kwamba wanaleta ng'ombe wa mahari. Uwanja wa kupokea wakwe lazima uwe mweupe, bila jani.

"Ng'ombe wa watu wakifa kwa magugu yako?" kaka yangu mkubwa aliuliza.

"Hawayali. Nimeona mwenyewe."

"Profesa wa darasa la saba! Wenzako wanafuga kuku, wewe unafuga viwavi."

Mama akacheka, ila akaniahidi: "Nenda ulete mkate na soda. Hatutayagusa."

Niliporudi yalikuwa yamefyekwa yote. Alama za ufagio bado mbichi. Viwavi walitambaa juu ya udongo mtupu. Kuku alimdonoa mmoja, akamtema, akafuta mdomo chini.

"Mama, uliniahidi."

"Wageni wako njiani, baba. Ni majani tu."

Hiyo "tu" iliniwasha. Nilitua kreti ya soda kwa kishindo, nikachukua karai, nikaanza kuwaokota. Ng'ombe waliingia nikiwa nimepiga magoti. Walipita kando ya lundo lililofyekwa, hakuna aliyenyoosha shingo.

"Umeona?" nilimpigia kaka kelele mbele ya wageni. Akajifanya hasikii.

Nilitoka na karai bila kumsalimia mkwe hata mmoja. Mtoni palikuwa na mmea mmoja wa aina ile, uliotokana na mbegu yangu iliyopeperushwa na upepo. Niliwapandisha viwavi mpaka majani yakajaa. Waliobaki sikuwa na pa kuwaweka. Nilikaa nao kwenye karai nikisikia vigelegele vya nyumbani, na sikurudi kula.

Mama husema niliwaaibisha. Walinidanganya nikiwa nimewabebea soda.