Mawe Yanayokufa

Nilipokuwa nikisafisha mashua kule pwani, niliona matumbawe yakigeuka meupe, nikafurahi nikidhani bahari imeyaosha. Mzamiaji mmoja akaniambia kwamba joto la maji na uchafu wa mjini vinayaua. Samaki walikuwa wameshahama.

Juzi, sokoni Isiolo, mfugaji wa Sericho aliyepoteza ng'ombe wote kwa ukame alikuwa akiuza mbuzi wake wa mwisho ili aende pwani kuvua.

"Bahari haiwezi kauka," aliniambia.

Nikamwambia mawe ambamo samaki huishi yanakufa.

"Wewe! Jiwe inakufa namna gani?"

"Ni kiumbe, mzee. Joto ikizidi, inabaki mfupa nyeupe tu."

Mfupa mweupe aliujua. Aliwafungua mbuzi, akawarudisha Sericho, ambako hakukuwa na nyasi.