Mafuta ya Nasimiyu

Jotham Makokha ameendesha magari mengi, lakini ukimwuliza habari za udereva wake atakusimulia moja tu: pikapu ya buluu iliyopauka, iliyokuwa ikipiga njia ya Kitale na Bungoma miaka ile. Mwenyewe wa kwanza aliinunua wakati wa kiangazi, akaiita Nasimiyu, kama msichana wa Kibukusu aliyezaliwa majira hayo. Alipofariki mwaka wa 2001, mjane wake Sellah, mkazi wa mtaa wa Tuwan mjini Kitale, alikataa kuiuza.

"Baba Wanjala," alimwambia Jotham, aliyekuwa akisafiri na marehemu, "wewe shika usukani, mimi nitatafuta mzigo."

Wakafanya hivyo. Kabichi za Kitale ziliteremka Bungoma, vitunguu vya Chwele vikapanda Kitale. Hata leo Jotham akikumbuka, humjia kwanza sauti ya Sellah akiimba nyimbo za kanisani, mguu wake ukigonga sakafu ya gari. Halafu mahindi ya kuchemsha waliyonunua Kiminini, moto mpaka unabadilisha mikono. Na kioo cha mlango kilichosimama juu kwa nguvu ya bisibisi. Hawakuwa na haraka. Walijuana na kila kona.

Mwaka wa 2004, baada ya mvua ndefu, Nasimiyu akaanza kunywa mafuta kama ng'ombe aliyetoka kulamba chumvi. Tanki lililokuwa likienda na kurudi na kubakisha, sasa lilikauka Misikhu wakiwa bado njiani. Fundi mmoja wa Kitale alisafisha kabureta na kubadilisha plagi. Haikusaidia kitu. Jotham aliinama chini ya tanki akitafuta tone, palikuwa pakavu.

Siku ya soko pale Chwele, mwanamke mmoja mwuza nyanya akamvuta Sellah pembeni. Jotham hakusikia walichosema, lakini alijua ni habari zake alipoona jinsi Sellah anavyorudi.

"Jotham, hayo mafuta yanaenda wapi?"

Miaka yote hiyo hakuwahi kumwita kwa jina tupu.

"Yanachomeka kwa injini, Mama Viola."

"Injini si ni ile ile? Na barabara ni ile ile. Ati madereva wanayafyonza na kuuzia wenye pikipiki."

Walirudi Kitale bila wimbo hata mmoja. Nyumbani, mkewe Wilkista alimwambia awapelekee watu funguo zao. Akakataa. "Nikiacha saa hii, nimekubali kwamba mimi ni mwizi."

Asubuhi akasimama mlangoni pa Sellah, kofia mkononi. "Mama Viola, leo twende bila mzigo. Tutajaza tanki mpaka shingoni, ufunguo wa kifuniko ukae na wewe. Tuone pamoja."

Sellah akapanda. Ufunguo aliufunga kwenye pindo la leso na kutazama mbele.

Kwenye mteremko wa Kamukuywa, Jotham akatoa gia. Zamani, gari likiwa tupu, marehemu alipenda kuliachia hapo liteleze lenyewe mpaka karibu na mto. Sasa lilisita katikati ya mteremko, kama lililoshikwa mkia. Miezi hiyo yote alikuwa akipita hapo na tani ya kabichi. Uzito wake ndio uliolisukuma gari, naye hakushuku kitu.

Akaegesha, akashuka, akapeleka mgongo wa mkono karibu na kila gurudumu. Mbele, sawa. Nyuma kulia, sawa. Nyuma kushoto, akaurudisha mkono mbio. Palinuka kuungua.

"Mama Viola, hebu shuka. Leta mkono, lakini usiguse."

Sellah akanyoosha vidole. "Uwi! Mbona hii iko moto hivi?"

"Breki imeshika, haiachilii. Injini inavuta, gurudumu linakataa. Hapo ndipo mafuta yako yanaenda."

Sellah aliinama akalitazama gurudumu lile.

Walingoja lipoe, wakajikokota mpaka Kimilili kwa fundi Mukhwana. Alipolipiga jeki gari, gurudumu lile halikuzungushika hata kwa mikono miwili. Waya wa handibreki ulikuwa umeota kutu ndani ya ala yake na kugoma kurudi. Viatu vya breki vilikuwa vimeungua. Jotham naye akafungua kichujio cha hewa, akakuta kimesheheni vumbi na maganda ya vitunguu.

"Aii, bana!" Mukhwana akacheka. "Hii gari mmeifunga mguu, mkaiziba na pua, halafu mnaiuliza mbona inakula sana?"

Aliweka waya mpya, viatu vipya na kichujio kipya, akajaza upepo kwa magurudumu yote. Mwishowe gurudumu likazunguka kwa kidole kimoja.

Walifika Chwele mchana. Sellah akaagiza chai na mandazi kibandani, akasogeza sahani yote upande wa Jotham.

"Baba Wanjala, nimekukosea. Maneno ya sokoni niliyaweka mbele yako."

"Yamekwisha," Jotham alijibu. Hayakuwa yamekwisha. Kwa wiki kadhaa, kila walipojaza mafuta, alishuka akasimama kando ili Sellah autazame mshale mwenyewe. Lakini safari ziliendelea, tanki likaenda, likarudi na kubakisha, na asubuhi moja karibu na Kiminini wimbo ukaanza tena. Jotham akajikuta anaitikia.

Nasimiyu aliuzwa mwaka wa 2008 kwa mtu wa Lwakhakha. Jotham akarudi kulima mahindi yake. Mwaka uliofuata Viola, binti ya Sellah, aliolewa, na wajomba wakaleta gari zuri na dereva kijana aliyevaa tai. Sellah akamshukuru kijana yule vizuri, akamwomba akakae na wageni, kisha akamtafuta Jotham kwenye viti vya nyuma vya wageni.

"Baba Wanjala, umekaa huko kufanya nini? Njoo ushike usukani, umpeleke mtoto kanisani."