Pembe Mbili na Gunzi

Kichwa kile cha dinosau nilikifinyanga kwa udongo uleule tunaofyatulia matofali hapa Nakivale, katika makazi ya wakimbizi. Pembe mbili za juu ya macho nilizinunua Mbarara, kwa muuza nyama wa upande wa Nyamitanga, ambaye alikuwa amezianika juu ya bati mpaka zikachomoka kwenye mifupa yake. Pembe ya pua ilipaswa kuwa fupi, nami nikatumia gunzi nililoliokota katika shamba la jirani yangu, mama mjane kutoka Burundi, baada ya ng'ombe kupita humo. Nilikuwa nimehitimu ualimu karibuni, na niliamini kwamba mtoto wa mkimbizi ana haki ya kumjua dinosau mwenye pembe sawa na mtoto mwingine yeyote duniani.

Sikujua kwamba mwenyekiti wa kijiji alikuwa amepanga kuisikiliza kesi ya mahindi ya mama huyo, yaliyoliwa na ng'ombe, katika darasa langu, alasiri ileile niliyomaliza kukifinyanga kichwa. Darasa lina paa. Hiyo ndiyo sababu aliyoitoa.

Mfugaji aliyeshtakiwa alifika kutoka Rugaaga na fimbo yake. Kabla hajaketi, aliona ncha za pembe zikichomoza chini ya kitenge nilichofunikia kichwa mezani.

"Ng'ombe hii ilikufa lini?" akauliza, bila kupaza sauti.

Nilielewa uzito wa swali. Mahindi yale yalikuwa chakula cha mama yule mjane na wanawe mpaka msimu ujao, na mfugaji alikwisha kukana kwamba ng'ombe wake walipita huko. Kama angeamini kwamba mmoja wao amechinjwa kwa kisasi, mama angetoka pale akiwa mshtakiwa. Basi nikaondoa kitenge na kufundisha somo.

Nilieleza kwamba huyu alikuwa na mdomo kama wa kasuku, na kwenye ncha ya taya la juu mfupa mmoja ambao, nje ya ukoo wake, hakuna mnyama aliyepata kuwa nao. Pembe zake, kama za ng'ombe, zilikuwa mfupa ndani na ala ngumu nje, ya asili moja na kucha. Hizi zilizokuwa mezani ni ala tupu, kavu. Nikaichomoa moja, nikampa. Akachungulia ndani. Akanusa. Akakiri kwamba ni ya zamani, nami nikairudisha mahali pake.

Nikaona ni vyema niendelee na asili ya dinosau hawa. Wa kwanza kabisa walikuwa wadogo, wakitembea kwa miguu miwili, bila pembe yoyote. Ulianza mdomo, ikafuata ngao ya mfupa nyuma ya kichwa, pembe zikaja mwisho. Mwenyekiti alisema kwamba kesi zote za kijiji hufuata utaratibu huo.

"Ilikuwa inakula nini?" mama akauliza.

Nikajibu kwamba alikula mimea ya chini. Mdomo ulikata, meno ya nyuma yakapasua kama mkasi.

"Basi ni vizuri ilikufa, mwalimu. Na zenye ziko hai tutazifanya nini?"

Mfugaji aliinamia meza. Kidole chake kilikuwa kimefika puani mwa dinosau. "Na hii?"

Naamini mwalimu hana budi kutaja chimbuko la kila kielelezo. Nikasema ni gunzi, kutoka shamba la mama, juu ya nyayo za ng'ombe. Akaling'oa, akaligeuza, akautazama upande uliotafunwa nusu.

"Niko na ng'ombe moja mzee," akasema hatimaye. "Meno yake iliisha. Inatafuna, inatupa."

Kwa ajili ya ukamilifu, niliongeza kwamba dinosau huyu asingelitupa gunzi, kwa kuwa meno yake yaliyochakaa yalifuatwa na mapya maisha yake yote.

"Hiyo ilikuwa na bahati," mfugaji akasema.

Wakapatana: ataleta maziwa kila asubuhi, kabla watoto wa mama hawajaenda shule, mpaka mahindi mengine yakomae.

Kabla ya kuondoka alirudi mezani. Nilikuwa nimezielekeza pembe mbele, inavyostahili. Udongo ulikuwa bado mbichi, naye akazigeuza zote mbili zikapanda juu na kufunguka kama za fahali wa kwao. Akarudi nyuma, akatazama, akaisawazisha ya kushoto.

"Sasa ni mzuri," akasema. "Namna ile ingetoboa wenzake macho."

Kisayansi lilikuwa kosa, nami nikafungua kinywa. Mama akanitazama. Nikakifunga.

Jumatatu darasa zima lilimchora dinosau mwenye pembe za ng'ombe wa Ankole. Nitalisahihisha kosa hilo mahindi yakishakomaa.