Vidonge Vitatu vya Daku

Ramadhani ile nilikuwa nimerudi mjini kutoka Bwejuu, ambako kazi ya kupaka rangi vyumba vya wageni ilinichosha kabla haijaisha. Kaka yangu alinitandikia mkeka sebuleni kwake, Michenzani. Hakuniuliza nitakaa mpaka lini. Hajawahi kuniuliza.

Alikuwa na goti bovu, na mbele yake fainali ya ligi ya mtaani, inayochezwa alasiri kabla ya futari. Timu yao ilikuwa na mtindo wake: kwa kuwa mchana hawamezi kitu, vidonge vya maumivu vya siku nzima walivimeza kwa mpigo wakati wa daku. Yeye alimeza vitatu, kikombe kimoja cha maji, halafu akashinda juani.

Mimi niliacha skuli kidato cha pili, lakini karatasi yenye maandishi hainipiti. Nilisoma hata ile iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa. Ilisema kidonge kimoja kwa wakati, pamoja na chakula, na ukiona choo cheusi acha, nenda hospitali.

Siku moja kabla ya fainali alitoka chooni anacheka.

"Mdogo wangu, kahawa ya barazani imenitengenezea lami!"

Sikucheka. Nilimshika mkono, kama alivyokuwa akinishika mimi zamani kunipeleka chuoni kusoma Kurani, tukateremka ngazi mpaka duka la dawa. Mwenye duka alikuwa mama wa makamo.

"Shikamoo, Bi," nikasema, nikamweleza.

"Marahaba." Akamgeukia kaka. "Vitatu kwa siku?"

"Kwa mpigo, Bi. Daku."

"We gari? Unajaza tangi moja kwa safari nzima? Tumbo tupu, maji huna mwilini, na figo nazo unazikaanga. Usimeze hata kimoja tena. Hospitali, sasa hivi."

"Lakini kesho nnacheza..."

"Kesho utacheza kwa mdomo."

Hospitali walimpima damu. Tumbo lilikuwa limefanya kidonda, kinavuja. Walimlaza usiku ule, asubuhi wakamruhusu na dawa za tumbo. Goti apumzishe na aliwekee barafu. Vidonge vile asivirudie. Na asifunge mpaka kidonda kipone.

Hilo la mwisho ndilo lililomvunja. Alasiri nilimpikia uji mwepesi. Alikaa kaelekea ukutani, bakuli mapajani. Tangu utotoni hakuwahi kula mchana wa Ramadhani.

"Mgonjwa ana ruhusa, kaka. Utalipa siku zako."

"Najua. Funga dirisha, majirani wasisikie harufu."

Nikafunga. Filimbi ikalia kiwanjani, chini ya jengo letu, akaniambia nifungue. Alikunywa vijiko viwili, vitatu, macho yamemlowa, na mimi nikajifanya natazama mpira.

"Nani kapewa nafasi yangu?"

"Yule mrefu, mwenye bandeji pajani."

Kijiko kikasimama. "Yule paja linamuuma wiki ya pili sasa. Mbona anakimbia vile?"

Tukatazamana.

"Teremka," akasema. "Mapumziko mkamate, umuulize kameza vingapi. Akikudanganya, mwambie mimi niko wapi na nnakula nini saa hizi. Mwambie yote, usinifiche."

"Nkirudi nikute bakuli tupu."

"Nenda!"

Nikashuka ngazi mbilimbili.