Maji ya Qaqapata

Ukikutana na Hermelinda Ccahuana akichunga alpaka wake, wale wanyama wa sufu wenye shingo ndefu, usidhani utamwamkia upite zako. Atakusimamisha, ainue mguu wa mnyama mmoja, akuoneshe unyayo ulivyo laini, kisha akufunulie na meno. "Huyu hajui mawe," atakwambia. Anaringa, ndiyo. Aringe tu, haki yake, na mimi nitamsaidia.

Huku kwetu milimani malisho si ya mtu, ni ya anayeyanywesha. Kila mwaka, siku ya kuwavisha alpaka nyuzi za rangi masikioni, kikombe cha kwanza cha pombe ya mahindi humwagwa chini, na anayekimwaga hutaja mbele ya watu jina la anayenywesha kila malisho. Jina la Fortunato, mume wa Hermelinda, lilitajwa hivyo miaka mingi, kwa ajili ya kinamasi kizuri cha bondeni, malisho yanayonyweshwa kwa mfereji. Fortunato akafa kwa homa ya mapafu. Matanga hayajaisha, mdogo wake Eusebio akasimama mkutanoni.

"Mfereji unataka mwanamume," akasema. "Shemeji peke yake hauwezi. Nipeni mimi."

Watu wakatafuna majani yao ya koka, wakatazama viatu vyao, wakakubali. Hermelinda akapewa mteremko wa Qaqapata, pakavu, mawe na manyasi magumu ambayo hata llama, mnyama wa mizigo asiyechagua chakula, huyapita bila kuinama. Alpaka akila manyasi yale meno yanakwisha, na meno yakiisha hana maisha. Kila mtu alijua mwisho wake: misimu michache, Hermelinda auze wanyama wote, ashuke mjini kufulia watu nguo.

Alilia, asikudanganye mtu. Aliona uchungu mpaka chakula kikawa hakipiti. Kisha akachukua jembe.

Juu kabisa ya Qaqapata kulikuwa na kijito kinachotoka kwenye theluji. Akaanza kuchimba mfereji wa kuyakingamisha maji mteremkoni, membamba, yasambae taratibu bila kuuchukua udongo. Eusebio alipopita na kundi lake, alisimama kumtazama.

"Shemeji, unayanywesha mawe?"

"Yana kiu. Njoo uyahurumie na wewe."

"Nina kazi zangu."

"Ipi, hiyo ya kucheka?"

Maji yalipofika, akakata mabonge ya nyasi laini ukingoni mwa kijito, akayafunga mgongoni kwa mtandio kama mtoto, akayateremsha, akayapanda moja moja na kuyazungushia samadi. Yakashika. Akafurahi mno, na hapo ndipo alipokosea. Mwezi wa sita baridi ikikaza, maji hufungwa jua likizama. Jioni moja alirudi hoi, akalala bila kuyafunga. Asubuhi mteremko mzima ulikuwa barafu, na chini yake nyasi zote zimeungua kwa baridi.

"Umejitengenezea kioo, shemeji?" Eusebio akamuuliza.

Hermelinda alingoja barafu iyeyuke, akarudi kijitoni kukata mabonge mengine, na tangu hapo hakula chakula cha jioni kabla ya kufunga maji.

Miaka ikaenda. Qaqapata ikawa kijani, ukikanyaga mguu unazama. Vitoto vya alpaka vikazaliwa na kukua, sufu ikajaa.

Ikaja miaka ya theluji haba. Eusebio, aliyepewa kinamasi kikiwa tayari, hakuwahi kuzibua mfereji hata siku moja. Bondeni kukakauka, kukapasuka. Akapanda Qaqapata, kofia mkononi.

"Shemeji, alpaka wangu..."

"Nimewaona wanavyotembea."

Hermelinda akamwacha makusudi asimame pale na kofia yake.

"Ningekuwa wewe, ningekataa," Eusebio akasema.

"Ndiyo maana hukupewa kuwa mimi. Walete. Ila uje na jembe. Wanyama wako wakila kwangu, wewe utachimba kwangu. Na jioni utafunga maji."

Akaja. Akachimba. Mikono ikamtoka malengelenge, na Hermelinda akaenda kuyatazama kabisa, kwa furaha isiyofichika.

Siku ya kuvisha nyuzi ilipofika, kijiji kizima kilipanda Qaqapata, maana ndiko kulikobaki na majani. Alpaka wakasimama na nyuzi nyekundu na za manjano masikioni. Wazee wakampa kikombe cha kwanza Eusebio, kwani ndiye aliyekuwa ametoka kwenye mfereji, matope hadi magotini. Akamwaga chini.

"Kwa Mama Ardhi," akasema, "na kwa anayeinywesha Qaqapata. Shemeji yangu, Hermelinda Ccahuana."

Hermelinda alikuwa amemshika alpaka shingoni, machozi yanamtiririka wala hayafuti.

"Rudia," akamwambia. "Wa nyuma hawajasikia."

Eusebio akarudia.